Hati Mbili za Yeremia: Juu ya Kuhifadhi Simulizi, Picha na Utafiti wa Mbulu na Hanang

Katika sura ya 32 ya kitabu chake, nabii Yeremia anasimulia habari ambayo wahubiri wetu huitumia mara nyingi wanapohubiri juu ya tumaini, lakini ni nadra kuitazama kama habari ya utunzaji wa nyaraka. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, nabii yumo kifungoni, na katika hali hiyo anaagizwa anunue shamba la Anathothi kwa Hanameli, mwana wa ami yake. Anapima fedha, shekeli 17; anaita mashahidi; anaandika hati. Kisha (mst. 11–14) yanatajwa mambo mawili ambayo makala hii inapenda kuyakazia. Hati hizo ni mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine i wazi. Na Baruku anaagizwa azitie zote mbili katika chombo cha udongo ili zidumu. Hati iliyo wazi ni ya kusomwa na kila mwenye haja. Iliyotiwa muhuri ni ya kuamulia ubishi utakapozuka. Chombo ni kwa ajili ya watu ambao bado hawajazaliwa, watakaorudi kutoka uhamishoni na kuuliza shamba hili ni la nani.

Wahifadhi wa nyaraka wa siku hizi, wanaofanya kazi yao kwa kompyuta, wamefikia utaratibu ulio karibu sana na huo. Nao hutunza nakala moja isiyoguswa na nakala nyingine ya kutumiwa, nao huhangaika na chombo. Katika kurasa hizi tunataka kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini inawahusu wachungaji na wanafunzi wa theolojia watakaotumwa katika sharika za wilaya za Mbulu na Hanang. Dai letu ni kwamba simulizi la mzee, au picha, au utafiti wa mtaalamu, haujahifadhiwa kwa sababu tu umeingizwa katika kompyuta. Umehifadhiwa pale unapoambatana na ushahidi wa nani alisema, wapi, lini na kwa ruhusa gani, na pale wenyewe wanapoweza kuufikia. Bila hayo, tumekusanya sauti tu.

Wapo watakaouliza kama hii ni kazi ya kanisa. Luther alilijibu swali hilo mwaka 1524, katika waraka wake kwa madiwani wa miji ya Ujerumani juu ya shule. Mwishoni mwa waraka huo anadai maktaba, na miongoni mwa vitabu vya kuwekwa humo anavipa vitabu vya historia nafasi ya mbele. Analalamika kwamba mambo makubwa yametendeka katika nchi ya Wajerumani, lakini kwa kuwa hakuna aliyeyaandika, au yaliyoandikwa hayakutunzwa, mataifa mengine hayajui lolote juu yao. Mtu wa Kainam au wa Katesh anaweza kuusoma ukurasa huo leo na kubadili jina la nchi tu.

Eneo na watu wake

Haydom, mahali ambapo misheni ya Kilutheri ya Norway ilifungua hospitali mwaka 1955, pako katika sehemu ya Afrika isiyo ya kawaida. Katika mwendo wa siku chache kwa miguu msafiri hukutana na Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Wadatooga, na hasa Wabarbaig wa Hanang, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyisanzu, ambao ni Wabantu. Na katika bonde la Yaeda, Wahadzabe, ambao lugha yao ya vidoko iliwahi kuhesabiwa pamoja na lugha za Khoisan, ingawa wanaisimu wengi sasa huiona kuwa haina ndugu anayejulikana. Mradi wa utamaduni ulioanzishwa Haydom umechukua jina lake kutokana na pembe hizo nne. Kwa mhubiri, hii ina maana kwamba katika ibada moja ya Jumapili wanaweza kukaa watu ambao babu zao walipigana, wakaoana, wakaombeana mvua, na ambao wanasimulia vita vilevile kwa namna mbili zisizopatana.

Historia kubwa ya watu hawa imo vinywani. Vitabu vipo, na si haba. Paul Berger alikusanya matini za Kiiraqw katika miaka ya 1930. Matini hizo zilitoka katika kitabu mwaka 1998 kwa kazi ya Roland Kießling, miaka sitini baadaye. Ludwig Kohl-Larsen, katika miaka hiyohiyo ya 1930, alikusanya hadithi za Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi na kuzichapisha kwa Kijerumani. George Klima alitoa kitabu chake juu ya Wabarbaig mwaka 1970, Robert Thornton juu ya Wairaqw mwaka 1980, Katherine Snyder mwaka 2005. Sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous ilitoka mwaka 1993, na kamusi ambayo Mous aliiandika pamoja na Martha Qorro na Kießling ilitoka mwaka 2002. Kuna kazi ya mwanahistoria Yusufu Lawi juu ya ardhi na mazingira ya Wairaqw, na hadithi za Wairaqw zilizokusanywa na W. D. Kamera.

Lakini tutazame vilipo. Vingi kati ya vitabu hivi viko kwa Kiingereza au Kijerumani, na bei yake inazidi mshahara wa mwinjilisti. Rekodi za sauti na madaftari ya watafiti, yaani malighafi yenyewe ambayo vitabu vilitokana nayo, kwa kawaida yalisafiri na mwenye kuyakusanya. Vivyo hivyo picha. Picha za misheni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro, Meru, Pare na hata Iramba jirani yetu, sasa zinaweza kutazamwa na mtu yeyote mwenye intaneti kupitia hifadhi ya picha za misheni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Hilo ni jambo jema. Hata hivyo, katika picha nyingi za namna hiyo mmisionari ana jina na mwenyeji ameandikwa tu kuwa ni mwanamke, au mkristo, au mzee. Majina yale yanajulikana na wajukuu, nao wajukuu wenyewe wanazeeka.

Kwa jirani zetu Wagorowa wa Babati, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiiraqw, kumepatikana mfano unaofaa kuigwa. Mwanaisimu Andrew Harvey, akifanya kazi pamoja na wasaidizi Wagorowa, amekusanya rekodi za sauti na picha za video za mazungumzo, hadithi na shughuli za kila siku, na kuziweka katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini iliyokuwa London na ambayo mwaka 2021 ilihamishiwa Berlin. Kila rekodi ina jina la msemaji, mahali, tarehe, na mara nyingi maandishi ya maneno yenyewe pamoja na tafsiri. Tunataja kuhama kwa hifadhi hiyo kwa makusudi. Vitu vya dijiti navyo huhama nyumba, na vinahitaji mwenye nyumba.

Kuna kikwazo kimoja cha kutafuta ambacho wanafunzi wetu hukutana nacho mapema, nacho ni majina. Mtu akitafuta habari za Wairaqw katika nyaraka za zamani hapati kitu, kwa kuwa wameandikwa Wambulu. Wabarbaig wameandikwa Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai kwa maana ya adui. Wahadzabe wameandikwa Watindiga au Wakindiga. Wilaya ya Hanang ilikatwa kutoka Mbulu, na mkoa wa Manyara wenyewe uliundwa mwaka 2002 kutoka Arusha. Kwa hiyo faili la Katesh linaweza kuwa chini ya Mbulu, chini ya Arusha, au chini ya Jimbo la Kaskazini la wakati wa Waingereza. Hifadhi nzuri huandika jina la sasa ambalo watu wenyewe wanalipenda, na kando yake huweka yale ya zamani, hata ya dharau, ili mtafutaji afike. Kulifuta jina la zamani kwa heshima ni kuifunga njia.

Shamba la Mulbadaw

Msomaji anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya wasomi. Basi tuitazame habari ya Mulbadaw.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na kwa nguvu zaidi katika miaka ya 1970, Serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang. Mashamba yalifikia saba, na eneo lake likakaribia ekari 100,000. Hizo zilikuwa nyanda nzuri za malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji 67 walilishtaki Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Mahakama Kuu ilikubali madai yao. Shirika likakata rufani, na katika hukumu iliyomo katika taarifa za sheria za mwaka 1985, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ya kwanza. Kwa upande wa kijiji, ilisema kwamba halmashauri haikuwa imegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria. Kwa upande wa wanakijiji, ilisema kwamba walipaswa kuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria, na kwamba ushahidi wa hilo kwa wote haukuwapo.

Hatusemi kwamba kanda ya sauti ingeigeuza hukumu ile. Mahakama hufuata sheria iliyopo, na hoja ya kijiji kugawiwa ardhi ingebaki palepale. Lakini ni vigumu kuisoma hukumu hiyo bila kuona pengo lililo katikati yake. Watu ambao wazee wao wanaweza kutaja vizazi vya ukoo kwa kinywa, na ambao wamezikwa katika nyanda zile, walionekana mbele ya sheria kama watu wasio na uthibitisho wa kuwa pale.

Na makaburi yalikuwapo. Mzee wa Kibarbaig aliyestahili heshima hujengewa juu ya kaburi lake mnara wa udongo na miti, uitwao bung'ed, kwa ibada inayochukua miezi mingi na kukusanya watu wa koo nyingi. Bung'ed hujulikana kwa jina la aliyelala pale. Ni kama yale mawe 12 ya Gilgali (Yoshua 4), yaliyosimamishwa ili watoto waulize maana yake na wazee wajibu. Charles Lane, katika kitabu chake cha 1996 juu ya ardhi ya Wabarbaig, ameeleza jinsi makaburi ya namna hiyo yalivyolimwa na matrekta ya mashamba ya ngano. Jembe likishapita hakuna anayeuliza maana ya mawe, kwa sababu hayapo. Hapo simulizi la mzee anayekumbuka kaburi lilikuwa wapi, limerekodiwa akiwa amesimama mahali penyewe, pamoja na jina la marehemu na la ukoo, ndilo bung'ed pekee lililobaki.

Kuna hati nyingine ambayo kanisa linayo bila kujua thamani yake, nayo ni vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu wengi kutoka makazi yao ya zamani. Kitabu cha ubatizo kilichoandikwa kabla ya hapo huwa na majina ya wazazi, wadhamini na mahali walipoishi, na mara nyingi mahali hapo hapamo tena katika ramani yoyote. Tumewahi kuona katika usharika mmoja, ambao hatuna haja ya kuutaja, kitabu cha namna hiyo kikiwa kimewekwa chini ya mguu wa kabati ili lisiyumbe. Mchwa walikuwa wamekwisha kuanza na ukurasa wa mwisho.

Simulizi la Irak

Tumesema kwamba sauti bila ushahidi wa asili yake haitoshi. Mfano ulio wazi kabisa unatoka kwa Wairaqw wenyewe.

Mtu akiuliza Mbulu leo Wairaqw walitoka wapi, atasikia na wengi, wakiwamo wasomi na watumishi wa kanisa, kwamba walitoka Irak, huko Mesopotamia, na jina lenyewe ni shahidi. Wengine huongeza Ibrahimu na Uru ya Wakaldayo, na hapo mhubiri hushawishika sana. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, katika makala yake ya mwaka 1998, alifuatilia njia ya simulizi hilo. Alionyesha kwamba lilianza kama dhana ya watu wa nje, walioshangazwa na sura za watu, na lugha isiyo ya Kibantu, na kufanana kwa majina. Likapita katika maandishi na katika vinywa vya watu wenye elimu. Na hatimaye likarudi kwa Wairaqw na kusimuliwa kama urithi wa babu. Wanaisimu kwa upande wao wanaiweka lugha hii katika tawi la Kikushi, ambalo ndugu zake wengi wako Ethiopia na Pembe ya Afrika. Kufanana kwa neno Iraqw na Irak hakuthibitishi kitu.

Simulizi la zamani zaidi lipo, na ni zuri. Linasema juu ya nchi ya Ma'angwatay, ambako watu walikaa kwa wingi na fahari, hata wakataka vita na Wabarbaig wakashindwa, na Haymu Tipe akawaongoza waliobaki kutoka huko. Mwanafunzi wa Agano la Kale anaweza kulitafakari kwa muda mrefu: kiburi, anguko, mabaki, safari.

Sasa fikiri mtafiti wa mwaka 2090 akifungua faili la sauti ambamo mzee anasema kwa Kiiraqw safi kwamba wazee wake walitoka Irak. Kama faili halina maelezo, ataliita mapokeo ya kale. Kama limeandikwa kwamba msemaji alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule ya misheni, na alipoulizwa nani alimwambia alijibu kwamba ni mwalimu wa darasa la nne, faili lilelile linakuwa ushahidi wa kitu kingine kabisa, yaani jinsi watu walivyojieleza katika karne ya ishirini. Rekodi haikubadilika hata kidogo. Luka alilijua jambo hili. Katika aya nne za mwanzo wa Injili yake anatueleza kwamba wako waliotangulia kuandika, kwamba habari zilitoka kwa mashahidi wa macho, na kwamba yeye mwenyewe amejitafutia kwa usahihi. Kwa hiyo swali la kumwuliza mzee baada ya kila simulizi ni fupi: wewe ulisikia kwa nani, na yeye alikuwa wapi wakati huo? Mwanafunzi asiyeuliza hivyo amefanya nusu ya kazi.

Chombo cha udongo

Tuje kwenye kazi yenyewe. Simu nyingi za siku hizi hunasa sauti vizuri kiasi cha kutosha, ila ikiwezekana kinasa sauti maalumu kinafaa zaidi. Sauti ihifadhiwe kwa muundo usiobanwa, ule unaoitwa WAV. Saa moja ya muundo huo kwa ubora unaokubaliwa na wahifadhi huchukua gigabaiti 1 hivi. Muundo uliobanwa wa MP3 huweza kuitia saa hiyo katika megabaiti 60, lakini kwa kutupa sehemu ya sauti isiyoweza kurudishwa. Katika Kiiraqw, chenye sauti za kooni na kiimbo kinachobadili maana, sehemu iliyotupwa inaweza kuwa ndiyo aliyoitafuta mwanaisimu. Basi WAV ni hati iliyotiwa muhuri na MP3 ni hati iliyo wazi, ya kusambazwa na kusikilizwa. Vivyo hivyo picha: iskaniwe kwa nukta 600 kwa kila inchi katika muundo wa TIFF, kisha itolewe nakala ndogo ya kuonyeshwa. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 itachukua megabaiti 26 hivi. Na daima iskaniwe pande zote mbili, maana maandishi ya penseli nyuma ya picha mara nyingi yana thamani kuliko picha. Kuituma kwa WhatsApp si kuihifadhi. Njia hiyo kwa kawaida huipunguza picha kabla ya kuifikisha.

Muhuri nao upo. Kompyuta inaweza kulisoma faili lote na kutoa mfuatano wa tarakimu na herufi ambao ni wa faili hilo. Likibadilika hata nukta moja, kwa kuharibika au kwa hila, mfuatano hubadilika. Mhifadhi huuandika mfuatano huo siku ya kwanza na kuulinganisha kila mwaka. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayotenganisha hifadhi na lundo la mafaili.

Nakala ziwe tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Huu ni ushauri wa kawaida wa wahifadhi, na katika nchi yetu una sababu yake. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kufukia nyumba pamoja na vyote vilivyokuwamo. Nakala iliyoko Katesh peke yake, hata kama ni ya dijiti, si salama kuliko kitabu. Vilevile nakala iliyoko Berlin peke yake ni salama, lakini mjukuu wa msemaji hataisikia. Nakala moja usharikani au wilayani, moja katika maktaba ya chuo au dayosisi, moja katika hifadhi kubwa ya nchini au ya nje: huo ni mpango unaowezekana.

Kanda za zamani zisingoje. UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti walionya mwaka 2019 kwamba ifikapo karibu mwaka 2025 mashine za kuchezea kanda za sumaku, vipuri vyake na mafundi wake vingekuwa adimu mno. Mwaka huo umekwisha kufika. Kama katika ofisi ya usharika kuna kaseti za kwaya, za mahubiri au za wazee, anayezikuta asijaribu kuzicheza katika redio mbovu ili kujua zina nini. Anaweza kuzikata katika jaribio hilo la kwanza.

Kuna jambo dogo ambalo limewasumbua wengi wanaoandika Kiiraqw kwa kompyuta. Tahajia ya lugha hii hutumia mkwaju ( / ) kama herufi kwa sauti mojawapo ya kooni. Kompyuta hutumia alama hiyohiyo kutenganisha majalada, kwa hiyo faili lililopewa jina lenye herufi hiyo hukataliwa au hupotea njia. Jina la faili liwe namba tu, na jina halisi la Kiiraqw, pamoja na herufi zake zote, liandikwe katika maelezo. Lugha isikatwe ulimi ili kuifurahisha mashine.

Hati iliyotiwa muhuri

Si kila kitu ni cha kuwekwa wazi. Jambo hili tunaliona kuwa zito kuliko ufundi wote tulioueleza.

Alice Mitchell amechunguza desturi ya wanawake wa Kidatooga waliolewa kutotamka majina ya baba mkwe na jamaa zake, wala hata maneno yanayofanana na majina hayo. Mchungaji anayejaza fomu ya utambulisho na kumshurutisha mama ataje jina la baba wa mume wake amemvunjia heshima kabla ya kuanza. Aulizwe mwingine. Kwa Wairaqw kuna metimani, yaani kutengwa kwa mtu au nyumba kwa muda baada ya misiba fulani. Wazee husimulia mambo ya namna hiyo kwa majina, na watoto wa waliotajwa wako hai, wengine ni washarika wetu. Rekodi ya namna hiyo inaweza kutunzwa yote, na kufungwa kwa miaka 30 au 50. Kufunga si kufuta. Msemaji aulizwe kwa lugha yake mwenyewe nani asikie, lini, na kama jina lake litajwe. Na jibu lake lirekodiwe kwa sauti yake, maana sahihi ya dole gumba katika karatasi ya Kiingereza si ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inazihesabu habari za imani ya mtu kuwa nyeti. Vitabu vyetu vya ubatizo vimejaa habari hizo, kwa hiyo kuviskani ni wajibu, na kuvitandaza vyote katika intaneti ni kosa.

Lipo pia swali la kitheolojia, na hapo hatuna budi kusema wazi. Slufay ya Wairaqw, ile sala ya baraka ambayo mzee huitamka na wote waliopo huitikia, humtaja Looaa na humtaja pia netlaangw, roho za ardhi na maji. Mchungaji anayeirekodi hushawishika kuyaacha maneno yasiyompendeza, au kumwomba mzee aitamke kwa namna iliyo ya Kikristo zaidi. Asifanye hivyo. Kuhifadhi si kukiri imani. Waandishi wa Biblia wametuachia maneno ya rafiki za Ayubu pamoja na makosa yao, na Mungu mwenyewe ndiye aliyesema kwamba hawakunena yaliyo sawa. Atakayetaka kuandika theolojia ya baraka kwa Wairaqw miaka hamsini ijayo atahitaji slufay nzima, na waitikiaji wake, maana bila mwitikio si slufay. Tukimpa iliyochujwa, tutakuwa tumemhifadhia maoni yetu wenyewe.

Limebaki swali la nani ashike ufunguo wa yale yaliyofungwa. Wengi hudhani kwamba ni mchungaji. Sisi tunaona afadhali asiwe yeye peke yake, kwa sababu mchungaji huhamishwa, na anapohamishwa huondoka na kompyuta yake. Inafaa ufunguo ukae kwa Halmashauri ya Usharika pamoja na mwakilishi wa ukoo wa msemaji, mwanamume au mwanamke, na orodha ya yaliyofungwa, pamoja na mwaka wa kufunguliwa kila kitu, iandikwe kwa wino katika daftari la kawaida na kutajwa katika makabidhiano ya ofisi, mara baada ya sanduku la fedha na vyombo vya Meza ya Bwana.